Kikaragosi, Kibaraka na Sauti: Uhakiki wa Albamu ya Pili ya NSYNC

Ikisiri

Makala haya yanaihakiki *No Strings Attached* (2000), albamu ya kundi la vijana la Marekani liitwalo NSYNC. Yanalenga dai lililozoeleka kwamba mwimbaji asiyetunga maneno ya wimbo wake hana sauti yake mwenyewe. Kwa kutumia dhana za fanani, hadhira na muktadha, kama zinavyotumika katika uhakiki wa fasihi simulizi, tunadai kwamba maana nzito kuliko zote katika albamu hii haikutiwa na watunzi wa nyimbo bali na waliozitamka. Tunadai pia kwamba taswira ya kikaragosi, ambayo ndiyo roho ya albamu, inaficha kadiri inavyofichua.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa muziki pendwa katika Kiswahili umezoea kuanzia kwenye maneno. Wimbo huandikwa upya katika karatasi, beti zake huhesabiwa, tamathali hubainishwa, kisha huulizwa ni nani aliyeutunga. Mazoea hayo yameyaumiza zaidi makundi ya vijana wa kiume. Makundi haya huundwa na meneja, hupewa nyimbo zilizokwisha kutungwa, hufundishwa hata pa kuweka mguu jukwaani. Mbele ya hali hiyo mhakiki humaliza kazi yake kwa neno moja: vikaragosi.

Neno hilo lisiachwe lipite hivi hivi. Kiingereza hutumia neno moja kwa mdoli achezeshwaye kwa kamba na kwa mtu atumikiaye matakwa ya mwingine. Kiswahili kina maneno mawili, ingawa lugha ya siasa huyachanganya. Kikaragosi ni kitu. Hakina nia, hivyo hakiwezi kulaumiwa. Kibaraka ni mtu. Ana nia yake, lakini ameiweka mikononi mwa mwenzake kwa malipo au kwa tamaa ya malipo. Tofauti hii ndiyo itakayotuongoza, kwa sababu NSYNC walichagua kujichora kwa sura ya kwanza na si ya pili.

2.0 Jina na mkataba

Kundi liliundwa Orlando, Florida, mwaka 1995, likifadhiliwa na Lou Pearlman, mfanyabiashara aliyekuwa amekwisha kuwaunda Backstreet Boys. Jina lake lilipatikana kwa kukusanya herufi za mwisho za majina ya wanakundi: Justin, Chris, Joey, Jason na JC. Jason alipoondoka na nafasi yake kuchukuliwa na Lance, herufi ya N ilikosa mwenyewe. Suluhisho likawa kumbatiza Lance jina la utani, Lansten, ili jina la kundi lisimame. Tukio hili huchukuliwa kama kichekesho. Sisi tunaliona kuwa fundisho la kwanza kuhusu uhusiano wa mtu na kundi lake: jina halikumfuata mwenye jina, mwenye jina ndiye aliyekatwa na kushonwa upya alifuate.

Albamu ya kwanza ilitoka Ujerumani mwaka 1997 na Marekani mwaka 1998, ikafanikiwa sana. Lance Bass amesimulia hadharani, baada ya miaka mingi, jinsi wanakundi walivyokusanywa kwenye chakula cha jioni wapokee malipo yao, na kila mmoja akafungua bahasha na kukuta hundi ya dola 10,000. Mwaka 1999 walitaka kuhamia kampuni ya Jive. Pearlman na kampuni iliyokuwa imewarekodi walikwenda mahakamani wakidai dola milioni 150, na pamoja na fedha hizo wakataka kundi lizuiwe kutumia jina lake. Mahakama haikutoa zuio, na kabla mwaka haujaisha pande mbili zilipatana nje ya mahakama. Albamu ya pili, tukiiweka kando ile ya nyimbo za Krismasi ya mwaka 1998, ilitoka tarehe 21 Machi 2000.

Jina la albamu lina ncha mbili. Katika Kiingereza cha kila siku ni sawa na kusema “bila masharti”. Neno kwa neno ni “bila kamba kufungwa”. Jaladani vijana watano wananing’inia kwa kamba. Kwa hiyo jina linakanusha kile ambacho picha inakionyesha, na msikilizaji anaambiwa, kabla hajasikia noti hata moja, kwamba atashuhudia ukombozi.

3.0 “Wewe” ni nani?

Wimbo wa kwanza, *Bye Bye Bye*, uliotangulia albamu mwezi Januari, ni wa mtu anayemwaga mpenzi aliyemchezea. Nafsi nenewa ni mwanamke. Ipo hata sehemu anapoitwa msichana waziwazi. Tukiusoma wimbo huu katika karatasi, kama tulivyozoea, hatupati ndani yake meneja, mkataba wala mahakama. Ila mwaka 2000 mashabiki waliokuwa wameifuata kesi walimsikia Pearlman humo. Msemaji anakataa kuwa mchezaji katika mchezo uliopangwa na mwingine. Nani mwingine angefikiriwa?

Basi nani aliyemtia Pearlman ndani ya wimbo? Si watunzi. Wimbo ulitungwa na Kristian Lundin, Jake Schulze na Andreas Carlsson, wanamuziki wa Sweden waliokuwa na studio ya Cheiron mjini Stockholm, na kabla haujafika NSYNC ulikuwa umepelekwa kwa kundi la Uingereza, Five, likaukataa. Lau Five wangeukubali, maneno yangekuwa yale yale na fumbo lisingekuwapo. Fumbo lilizaliwa pale maneno yalipoingia katika vinywa vya watu waliokuwa wametoka mahakamani juzi.

Mhakiki aliyelelewa katika taarabu hatashangaa. Katika sanaa hiyo ni jambo la kawaida shairi kutungwa na mmoja, mahadhi kutiwa na wa pili na kuimbwa na wa tatu, na wala hakuna amwitaye mwimbaji kikaragosi. Zaidi ya hayo, mtu wa hadhira huweza kuinuka ubeti fulani ukiimbwa, akaenda kumtunza mwimbaji huku jicho lake likimwangalia mtu fulani ukumbini. Papo hapo “wewe” wa wimbo anapata uso. Mtunzi huenda hamjui kabisa mlengwa huyo, labda alishakufa. Ndiyo kusema kwamba tunayo tayari, nyumbani, nadharia ya namna maneno ya mtu mmoja yanavyokuwa kauli ya mwingine, lakini tukikutana na muziki wa vijana tunaisahau na kurudi kwenye swali la nani alishika kalamu.

Jambo moja la tafsiri linafaa kutajwa hapa. Neno la kuagia lililo katika kiitikio, kwa Kiingereza, halihesabu watu. Mfasiri wa Kiswahili atalazimika kuchagua kati ya “kwaheri” na “kwaherini”: anaagwa mpenzi mmoja, au meneja pamoja na kampuni na mawakili wake? Maneno ya ubeti yanamtaka achague umoja. Historia ya wimbo inamvuta kwenye wingi.

Hata hivyo fumbo hili lina gharama yake, na hapa ndipo tunapotofautiana na wanaoishangilia albamu bila kusita. Katika video ya wimbo, iliyoongozwa na Wayne Isham, wavulana ni vikaragosi na anayezishika kamba zao ni mwanamke. Aliyewashika katika maisha alikuwa mwanamume, tena mwenye ofisi. Fumbo lilimpiga bila kumtaja, lakini lilipomsitiri lilimvisha mwanamke hila zake. Taarabu nayo haijasalimika na kosa hili. Ni mara ngapi dhiki ya nyumba nzima imebebeshwa mke mwenza?

4.0 Kamba zilizobaki

Turudi kwenye tofauti ya kikaragosi na kibaraka. Mikataba ile ilikuwa na saini za vijana wenyewe, au za wazazi kwa waliokuwa bado wadogo. Hilo haliufanyi kuwa wa haki. Linaufanya tu kuwa uhusiano baina ya watu, wenye ahadi, matumaini na udanganyifu. Taswira ya jaladani inafuta yote hayo. Kikaragosi hakuahidiwa chochote na hakutamani chochote. Kamba ikikatwa, hadithi imekwisha. Albamu inayomchora kibaraka ingekuwa ngumu zaidi kuimbwa, kwa kuwa ingelazimika kukiri kwamba aliyedanganywa alikuwa anautaka umaarufu huo. (Miaka minane baadaye Pearlman alihukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa kuwatapeli wawekezaji, na alifia kifungoni mwaka 2016. Tusiazime hukumu hiyo ya 2008 tuisomee albamu ya 2000. Kosa lilikuwa jingine.)

Wimbo wa pili, *It’s Gonna Be Me*, ulitoka vilevile katika mikono ya Cheiron, akiwemo Max Martin, na ndio pekee uliolifikisha kundi kileleni mwa chati kuu ya Billboard. Video yake inawaonyesha wanakundi wakiwa wadoli dukani, wakingoja mnunuzi. Kamba hazipo tena, ila sasa wamo rafuni. Na mwaka huo huo vikaragosi halisi vyenye sura zao viliuzwa katika maduka ya watoto, na katika ziara ya maonyesho wenyewe walishushwa jukwaani kwa kamba. Taswira iliyobuniwa kulalamikia kumilikiwa ikawa bidhaa. Hatusemi hili kwa kebehi. Huenda ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote katika kazi hii, ingawa hakuna dalili kwamba ilikusudiwa.

Kisha kuna takwimu. Nakala zaidi ya milioni 2.4 ziliuzwa Marekani katika juma la kwanza, zaidi ya mara mbili ya zile za *Millennium* ya Backstreet Boys mwaka mmoja kabla, na rekodi hiyo ilidumu mpaka mwaka 2015 ilipovunjwa na Adele. Wengi waliziona nakala hizo kuwa kura za hadhira dhidi ya meneja. Inawezekana. Ila Jive ilikuwa ndiyo kampuni ya Backstreet Boys na Britney Spears pia, na haikuwa nyumba ya wakimbizi.

Sehemu ya katikati ya albamu haitatuchelewesha. *Just Got Paid*, wimbo wa zamani wa Johnny Kemp ulioimbwa upya, una raha yake, na mtu aliyewahi kufungua bahasha isiyo na kitu ana haki ya kuimba juu ya siku ya mshahara. *Space Cowboy* unategemea msisimko wa kuingia mwaka 2000 na umechakaa pamoja nao, ijapokuwa sauti ya Lisa Lopes inauamsha kidogo. *Digital Get Down*, alioshiriki kuutunga JC Chasez, unazungumzia mapenzi ya kupitia mitambo. Ulichekwa wakati ule, na leo, simu zikiwa zimejaa nyuso, hauchekeshi sana. Wimbo uliobeba jina la albamu, ambao Chasez naye ameshiriki kuutunga, unatuvunja moyo: kamba zinarudishwa kwenye mapenzi matupu, na mvutano uliojengwa na jalada unalegea pale pale ulipopaswa kukazwa. Wapo waliotaka wanakundi watunge zaidi ili wawe huru zaidi. Kwa ushahidi wa wimbo huu, kalamu haikuwasaidia.

Kilichowasaidia ni koo zao, na ushahidi umewekwa mwisho kabisa. *I Thought She Knew*, utungo wa Robin Wiley, unaimbwa bila ala yoyote. Ni majuto ya mtu aliyenyamaza akidhani mpenzi wake anajua kwamba anapendwa. Ngoma za mashine zilizobeba nyimbo zilizotangulia zimeondolewa. Besi ya Lance, ambayo kwingineko haisikiki, sasa ndiyo sakafu ambayo wenzake wanaikanyaga. Hakuna anayeongoza muda mrefu. Sauti moja inatoka mbele, inarudi, nyingine inaichukua silabi kabla haijaanguka. Mmoja wao akichelewa nusu ya pigo, wote wanaanguka, na hakuna mtu juu ya jukwaa wa kuvuta kamba awainue.