Fotoni "Zinazoingiliana bila Kuingiliana"

Miongoni mwa istilahi za fizikia zinazostahili kuangaliwa upya ni mwingiliano. Neno hili hubebeshwa dhana mbili: vitu kuathiriana, na mawimbi kukutana yakaongezana au kufutana. Katika somo la mawimbi ya maji kasoro hii haiumizi sana. Katika fizikia ya kwanta inapotosha.

Tuchukue jaribio la Hong, Ou na Mandel wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, lililotangazwa mwaka 1987. Fotoni mbili huingia, kila moja kwa upande wake, katika kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu. Zikiwa hazitofautishiki kabisa, hutoka pamoja upande mmoja. Kwani njia mbili za kutengana, yaani zote kupita au zote kurudishwa, hufutana. Wala fotoni hizo haziathiriani hata kidogo. Mfasiri anayeshikilia neno moja atalazimika kuandika kwamba "huingiliana bila kuingiliana", na mwalimu akiulizwa maana yake hatakuwa na jibu.

Tabia hii sasa ni kipimo. Fotoni tatu huingizwa, kila moja kwa mlango wake, katika kifaa chenye milango mitatu ya kutokea, kinachogawa mwanga sawasawa. Zikiwa hazitofautishiki, zitatoka zote mlango mmoja, au moja moja kila mlango. Mbili kwa moja haitokei. Ikitokea, mtafiti hujua pana kasoro: pengine fotoni zimepishana kwa rangi au kwa wakati wa kufika, au kifaa hakigawi sawa. Msomaji wa "mwingiliano" atadhani zimesukumana, naye atatafuta nguvu isiyokuwapo.

Hatukubaliani pia na "zinazofanana". Kurwa na Doto hufanana, lakini mama yao hawachanganyi. Panapotakiwa ni "zisizotofautishika", hata kama ni refu.

Basi mwingiliano libaki kwa kuathiriana tu. Mkumbano tunalikataa kwa kuwa lina msukumo ndani yake; mpandano tunawaachia wafugaji. Tunaona makutano yanafaa: njia hukutana, kila moja ikaendelea na safari yake. Tutapata "makutano ya kujengana" na "makutano ya kufutana" bila taabu. Wanaopendelea intaferensi wana hoja, maana neno geni halidanganyi. Ila halimsaidii mwalimu wa sekondari. Tungependa kupokea maoni ya walimu hao kabla pendekezo halijapelekwa kusanifishwa.