Je, Ni Watu wa Kichwa Kigumu?

Tangu zamani watu wa Ulaya na Marekani wametupima kwa kipimo chao. Kwanza tuliitwa washenzi. Kisha, tarehe 20 Januari 1949, Rais Truman wa Marekani alitaja katika hotuba yake sehemu za dunia "zisizoendelea", na jina hilo likashika. Jina limebadilika mara nyingi, wazo limebaki: kule wako wenye kujua, huku wako wenye kungojea kufundishwa. Tulichungue wazo hilo hapa kwetu, Butembo na Beni, siku za Ebola.

Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni. Ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa. Katika ripoti nyingi za kigeni neno moja lilirudiwa: wenyeji wanapinga, maana hawaelewi. Je, ni kweli kwamba hawakuelewa?

Mwezi wa Septemba 2018 wachunguzi waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Karibu robo walisema kwamba ugonjwa si wa kweli. Wengi walioandika juu yetu walishika robo hiyo tu. Lakini katika maulizo hayo hayo, hata theluthi moja ya watu haikutimia kusema kwamba wakubwa wa mahali wanatetea faida yao. Hilo ndilo jambo lenyewe. Watu hawakukosa akili. Walikosa wa kumwamini.

Na sababu walikuwa nazo. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walichinjwa mashambani na vijijini, nao walilia bila kusikiwa. Ebola ilipofika, magari yalijaa barabarani. Mtu aliyezika jamaa zake miaka minne ana haki kuuliza: kwa nini leo, na si jana? Tena, mwisho wa Desemba 2018, uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo mpaka Machi 2019, wakisema ni kwa ajili ya Ebola na usalama, hali masoko na makanisa yalikuwa wazi. Rais mpya aliapa Januari, kabla sisi hatujapiga kura. Basi nani aliufanya ugonjwa uonekane kuwa jambo la siasa? Hata surua, iliyoua watu zaidi ya 6,000 katika inchi yetu tangu mwanzo wa 2019, haikuletewa magari kama yale. Na mwezi wa Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti: watu 83 walioajiriwa katika kazi ya Ebola walishtakiwa kwamba waliwatumia wanawake vibaya, na 21 kati yao walikuwa wa Shirika lenyewe. Wanawake hao waliambiwa kwamba wageni wamekuja kuwasaidia.

Lakini tusijidanganye. Kuuliza ni haki, kuua ni dhambi. Tarehe 19 Aprili 2019 munganga Richard Mouzoko, mwana wa Kameruni, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Yeye hakuwa Mzungu, wala hakututawala. Na chanjo ilikuwa dawa ya kweli. Watu zaidi ya 300,000 waliipokea. Aliyemwambia jirani yake kwamba Ebola ni biashara tu, pengine alimpeleka kaburini.

Tena, elimu hiyo si mali ya Ulaya peke yake. Profesa Muyembe, Mkongomani, alifika Yambuku mwaka wa 1976, ugonjwa ulipokuwa haujapata jina. Moja ya dawa mbili zilizoshinda katika majaribio ya hapa kwetu ilitoka katika damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka wa 1995. Basi anayesema "dawa ni zawadi ya Wazungu" na anayesema "dawa ni sumu ya Wazungu" wamekosa kosa moja. Wote wawili hawakumwona Mkongomani anayefikiri.

Na sisi, mapadri, waseminari na makatekista? Tukisema ukweli, hata midomoni mwetu neno "vichwa vigumu" lilipita. Tumesoma miaka mingi, na pengine pamoja na masomo tumepokea pia jicho la kuwatazama watu wetu kutoka juu. Kosa hilo halitaondoka kwa kuwalaumu wageni.

Ugonjwa mwingine ukija, tufanye hivi. Katekista akiingia nyumba ya msiba, asianze kwa kukataza watu kumwosha maiti. Akae, awape pole, awaulize wanaogopa nini, asikilize mpaka mwisho. Kisha awaambie ukweli juu ya hatari bila kuupunguza, atafute pamoja nao namna ya kumzika mtu wao kwa heshima. Padri awapelekee wakubwa na wageni maswali ya watu, asiwapelekee watu maagizo tu. Anayekataa ana sababu. Kwanza tuisikie, ndipo tutajua kama ni ya kosa au ya haki.