Sikio la Fundi

Fundi wa kompyuta anayeijua kazi yake hana haraka ya kutoa bisibisi. Kwanza ataomba redio izimwe, na pangaboi pia hata kama joto ni kali. Kisha ataiwasha mashine na kuinamia kasha, akisikiliza tangu sekunde ya kwanza. Nausifu ustadi huo kwa moyo wote, maana tumezoea kutupa kifaa kizima kabla ya kujua ni kipi ndani yake kinacholia.

Mlio wa asubuhi, mashine ikiwa bado baridi, unaofifia baada ya dakika chache, mara nyingi ni wa feni. Mafuta ya beringi yamekauka. Yale kidogo yaliyobaki yakipata joto hulainika, makelele yakatulia. Kesho yatarudi, na siku zinavyokwenda yatachelewa kunyamaza. Ili kupata hakika, fundi hufungua ubavu wa kasha na kugusa kitovu cha feni kwa ncha ya kidole, taratibu, sekunde moja tu. Mlio ukikatika, mwizi kapatikana. Feni nyingi za zamani zina kibandiko mgongoni. Ukikibandua utaona mhimili, na tone moja la mafuta ya cherehani huipa feni uhai wa kusogeza siku. Wapo wanaonunua mpya moja kwa moja, nami siwalaumu, feni si ghali.

Diski kuu (hard disk) ndiyo inayotisha. Sahani za diski nyingi huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani 120 kila sekunde, na kichwa kinachosoma huelea juu yake kwa nafasi ya nanomita chache tu. Hapa fundi huazima mbinu ya gereji: ncha ya bisibisi ndefu huigusisha kidogo kwenye bati la diski, mpini akauweka kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Beringi iliyochakaa hupiga mluzi usiokatika. Kichwa kilichopotea njia hugonga: tak, tak, tak. Akisikia hivyo, fundi muungwana hataji bei kwanza. Huuliza, "Mama, picha na kazi zako umezihifadhi mahali pengine?"

Upo pia mlio mwembamba kama wa mbu, unaobadilika kila unaposogeza ukurasa kwenye skrini au kufungua mchezo. Feni haijui habari za ukurasa. Huo hutoka kwenye koili za pawa saplai au za kadi ya picha, ambamo umeme unaopita kwa mapigo ya kasi huzitetemesha nyaya. Unaudhi, ila kwa kawaida hauui mashine. Kwangu hapa ndipo ufundi unapoonekana hasa, kwa sababu anayethubutu kukuambia "huu uache" amejinyima malipo ili asikudanganye. Pawa saplai yenyewe asiifungue asiyeijua: kapasita zake huweza kushika umeme hata waya ukiwa umechomolewa ukutani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kompyuta yako ikianza kulia, usiizimezime na kuiwasha ukitumaini itanyamaza. Nakili mafaili yako leo hii, kisha umtafute fundi anayesikiliza kabla ya kufungua.