Shule Ngapi Zatosha?

Kila zama huwa na swali lake linalowakosesha wazazi usingizi. Hapa kwetu Kenya, kwa miaka mingi, swali hilo limekuwa ni mtoto aombewe shule gani za bweni, na aombewe ngapi. Msomaji wangu waweza kudhani kwamba jambo hili ni la wizara na walimu wakuu, wala halistahili kuitwa uhakiki. Mimi naona vingine. Tunahakiki riwaya, tunahakiki mashairi, tunakesha tukibishana juu ya beti na vina. Kwa nini basi tusiihakiki karatasi inayoweza kumtoa mtoto wa miaka 14 mikononi mwa mamaye na kumpeleka mwendo wa siku nzima? Fomu ya kuchagua shule nayo ni andiko. Ina mpangilio wake, ina lugha yake, na ina mambo inayoyanyamazia.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Mtihani wa KCPE ulianza mwaka 1985 na ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Desturi ilikuwa mwanafunzi kutaja shule anazozitaka kabla hajaujua mtihani wenyewe, seuze alama zake. Hadi mwaka 2011 shule za kitaifa zilikuwa 18 tu, na majina yake yalijulikana na kila mzazi, hata yule asiyejua kusoma: Maseno iliyoanza mwaka 1906, Alliance iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, na wenzao. Baadaye serikali ilizipandisha ngazi shule nyingine, hata za kitaifa zikapita 100. Sasa mtaala umebadilika. Mwaka 2025 wanafunzi wa gredi ya tisa, watangulizi wa mtaala wa umilisi, walitakiwa kutaja shule 12 za sekondari pevu. Desturi ya kuchagua kabla ya mtihani haikubadilika.

Hizo 12 zimepangwa kwa hesabu. Mwanafunzi huchagua michanganyiko mitatu ya masomo, na kwa kila mchanganyiko hutaja shule nne. Katika jumla hiyo, tisa ni za bweni na tatu ni za kutwa. Za bweni, tatu ziwe katika kaunti ya nyumbani na sita ziwe nje yake. Za kutwa ziwe katika kaunti ndogo anayotoka au anayoishi.

Mhakiki mwadilifu huanza na sifa, nami nasema kwamba mpango huu una sifa mbili kubwa. Ya kwanza, unamlazimisha mtoto kufikiri juu ya masomo kabla ya kufikiri juu ya majina. Zamani tulichagua lango la shule; mtoto aliambiwa aende shule fulani, akifika huko ndipo ajue atasoma nini. Ya pili, unamlazimisha mzazi kutazama karibu. Shule ya kutwa iliyo nyuma ya soko, ambayo alikuwa akiipita kila siku bila kuigeuzia uso, sasa lazima aiandike kwa mkono wake.

Kasoro yake kubwa ni hiyo hesabu yenyewe. Mtu akiona nafasi 12 hudhani ana bahati 12. Sivyo. Tuchukue mfano wa kubuni. Shule moja ina vitanda 300, na watoto 10,000 wameiweka mwanzo. Vitanda vikijazwa na hao, aliyeiweka ya nne anabisha hodi penye mlango uliokwisha kufungwa. Tena alama zilizomnyima kitanda katika shule hiyo ndizo zitakazomnyima katika shule nyingine ya namna hiyohiyo. Basi mtoto aliyejaza nafasi zake zote za bweni kwa shule zinazogombewa na nchi nzima hana bahati tisa. Ana bahati moja aliyoiandika mara tisa. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, na hapa koroma ni ile shule aliyoiandika mwisho kwa kujaza pengo tu, asiyoijua wala asiyoitaka.

Kasoro ya pili ni ya ukimya. Fomu huuliza unataka wapi, haiulizi utafikaje. Mwaka 2015 serikali iliweka ada ya juu ya shule za bweni za ngazi ya kitaifa kuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, na kila mzazi ajua kwamba ada ni mwanzo tu. Kuna sanduku la bati, godoro, blanketi, sare, ndoo, na nauli ya kwenda na kurudi kila muhula.

Nilipokuwa nikifundisha shule ya msingi huku Pwani, mama mmoja muuza samaki alinijia na fomu ya bintiye siku moja kabla ya kuirudisha. Nafasi za bweni zote zilikuwa zimejazwa shule za bara zenye sifa kubwa. Nikamwuliza, "Mama, akiitwa hii ya tatu, utampeleka?"

Akaitazama, akasema, "Mwalimu, hiyo iko wapi?"

Nikamweleza kwamba iko magharibi, mbele ya Nakuru, safari ya mchana na usiku. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mbona mumetuwekea nafasi nyingi hivi, na nauli ya kuzijazia hatuna?"

Sijasikia uhakiki wa fomu hiyo ulioupita huo. Tulikaa chini, tukafuta majina mawili, tukaandika ya shule ambazo basi lake alilijua na nauli yake aliijua. Yaliyompata binti huyo baadaye sitayasimulia, kwa kuwa hoja yangu haitegemei kufaulu wala kuanguka kwake. Uchaguzi mwema huwa mwema siku ile unapofanywa, kwa yale yanayojulikana siku ile.

Najua wako watakaonipinga. Watasema, "Mwalimu, unawafundisha maskini kutamani vidogo." Pingamizi hilo lina uzito, nami silipuuzi. Bweni limewatoa watoto wengi katika vibanda vyenye taa ya koroboi na kuwapa meza, vitabu na usingizi wa usiku mzima. Ningekuwa mkatili kumwambia mtoto mwenye akili asikitamani kitanda hicho. Lakini tazameni Starehe, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1959 kwa ajili ya wavulana wasio na makao, ikaja kuwa miongoni mwa shule zinazotajwa kwa heshima nchini. Starehe ilikuwa na fomu yake ya pekee, nayo iliuliza habari za nyumbani: mzazi yuko, hayuko, ana kazi, hana kazi. Mtoto wa maskini aliyepokewa alisomeshwa bila ada. Fomu hiyo ilijua kwamba mtoto hatoki hewani, hutoka katika nyumba yenye sufuria nyingi au chache. Hivyo tamaa ya maskini si kosa hata kidogo. Kosa ni karatasi inayoialika tamaa hiyo bila kuiuliza ina viatu.

Na wasomaji wa fomu je? Sisi wazazi tumezoea kuisoma kwa aibu. Shule ya kutwa tunaiandika kwa mwandiko mdogo, kana kwamba tunakiri dhambi. Majirani wakiuliza, tunataja zile za bweni tu. Matokeo ya desturi hii yalionekana mwishoni mwa mwaka 2025, wanafunzi walipopangiwa shule za gredi ya kumi. Familia kwa maelfu ziliomba kubadilishiwa. Wako waliokuwa na sababu za haki, kama vile ugonjwa, umbali au masomo yasiyowafaa. Lakini wako pia waliokataa shule walizoziandika wao wenyewe. Mashine iliwasadiki, iliona jina, ikadhani ni neno la kweli.

Kwa hiyo nikiulizwa shule ngapi zatosha, najibu hivi. Hesabu ya nafasi imekwisha amuliwa na serikali, na nafasi zote zijazwe, maana kuacha pengo ni kumwachia mgeni akuchagulie. Hesabu iliyobaki mikononi mwetu ni nyingine: kati ya hizo zilizoandikwa, ni ngapi ambazo barua ikija kesho tutafunga sanduku na kwenda? Mwenye 12 zilizoandikwa na mbili za kwendeka ana shule mbili. Mwenye 12 za kwendeka, japo nusu yake hazikupata kutajwa gazetini, huyo ndiye tajiri.

Namna ya kuipata hesabu hiyo si ngumu. Juu ziwekwe shule moja au mbili za kutamaniwa hasa, ambazo alama zikipanda sana zitamfaa. Katikati ziwe nyingi za kadiri ya alama anazozipata darasani miezi yote, si zile alizozipata mara moja. Chini ziwe zile ambazo hata mvua ikinyesha atafika. Na kila jina lisomwe kwa sauti mbele ya mtoto, aulizwe swali moja tu: "Wakikuita huku, utakwenda?" Akisita, lifutwe, hata kama ni jina ambalo baba alilitamani tangu ujana wake.

Wizara nayo ina deni. Fomu ijayo iongeze safu moja nyembamba kando ya kila shule, mzazi aandike nauli ya kwenda na kurudi kwa mwaka mzima. Haitagharimu ila wino kidogo, na wengi wetu tutaijaza kwa mkono unaotetemeka. Afadhali mkono utetemeke wakati huo, ilhali kifutio bado kiko mezani.