Bega Guni: Kuusoma Ukingo wa Lami kati ya Kasulu na Kibondo

Barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, yenye urefu wa takriban kilomita 260, huzoeleka kusomwa kutoka katikati, kwa mwendo wa basi. Hapa tuisome kutoka pembeni. Bega la barabara, ule ukanda mwembamba ulio nje ya mstari mweupe, ni ubeti wa mwendesha baiskeli, nao una arudhi zake tatu: upana, ulaini wa uso na mwendelezo. Upana na ulaini husifiwa mapema, kwa kuwa huonekana hata dirishani mwa gari. Mwendelezo, ambao ndio unaoushikilia utungo mzima, humdhihirikia yule tu aliye juu ya tandiko.

Msomaji huyo si wa kubuni. Katika vilima vya Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma inakopita barabara hii, baiskeli hubeba mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa yaliyokazwa kwa mpira kwenye keria, na mwenye mzigo huisoma njia ileile kwa bahari mbili. Akipanda mlima, hushuka baiskeli: mkono mmoja usukani, mwingine gunia, upana wake umekuwa wa watu wawili na mwendo wake wa hatua. Akishuka mlima, hupanda baiskeli, na sasa mzigo ndio unaomsukuma yeye.

Tazama basi mahali pengo la mwendelezo linapoangukia. Maji hutafuta bonde, na karavati hufuata maji; kwa hiyo, panapojengwa karavati fupi kuliko upana wa barabara na mabega yake, bega hukatika chini kabisa ya mteremko, pale ambapo mwendo ni mkali kuliko kwingine kote na breki zimekwisha kuchoka. Mwendeshaji hulazimika kuingia njia ya malori kwa kasi asiyoichagua. Kilomita nzima ya bega zuri haimfidii hatua kumi za pengo hilo, bali humzidishia hatari, maana imemzoesha vina ambavyo mshororo wa mwisho unavikana. Washairi wetu huuita utungo wa namna hiyo guni.

Mjini pengo huwa la namna nyingine, kwa kuwa watunzi ni wawili. Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Mitaa, tangu mwaka 2017, iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Panapokutana kalamu hizo mbili, udongo mwekundu wa mtaa huliwa na mvua na lami hubaki juu kama ngazi. Gurudumu la mbele likiikabili ngazi hiyo kwa mshazari, huteleza sambamba na ukingo, na mzigo ukamaliza kazi. Wenye baiskeli wamekwisha kuusahihisha mswada huo: huikwepa ngazi kwa vijia walivyovichonga wenyewe kwa magurudumu, vikazunguka mtaro na kurudi barabarani penye mwinuko mdogo. Vijia hivyo ni uhakiki ulioandikwa ardhini, na mhandisi makini angeanza kazi yake kwa kuvisoma.

Nafasi ya kusahihisha ipo, kwani Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaipa barabara kuu hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro ilitengewa njia za baiskeli sambamba na mabasi yaendayo haraka yaliyoanza mwaka 2016. Kasulu na Kibondo hazihitaji utungo mkubwa kiasi hicho. Karavati zirefushwe hadi ukomo wa bega, mitaro ifunikwe kwa mabamba ya zege panapopitwa, na mdomo wa kila mtaa umiminiwe lami kwa mita chache kabla ya kuigusa barabara kuu.

Kwa hiyo atakayetaka kulipima bega hilo asiitandaze futikamba yake penye tambarare. Aanzie bondeni, kwenye karavati: upana atakaoukuta hapo ndio upana wa bega lote.