Kuwianisha Sheria za Masoko ya Mitaji: Umoja wa Nani?

Katika madarasa yetu huzuka hoja moja inayopendwa sana: kwamba kinachoikwamisha Afrika Mashariki kuwa na soko moja la mitaji ni tofauti za sheria. Ziwianishwe sheria, husema watetezi wake, na mtaji utatembea wenyewe kutoka Nairobi hadi Bujumbura. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inapotosha.

Ukweli wenyewe ni huu. Ibara ya 85 ya Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 inazitaka nchi wanachama kuwianisha sera na sheria za masoko ya mitaji. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Hata hivyo Tanzania ilisubiri hadi 2014 kuwafungulia wakazi wa nchi nyingine za Jumuiya dhamana zake za serikali, tena kwa kikomo. Ucheleweshaji wa namna hiyo una gharama, wala hatuutetei.

Lakini sheria haizalishi mtaji. Soko la hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954, chini ya ukoloni. La Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998, baada ya miaka mingi ambayo mabenki na viwanda vikubwa vilikuwa mali ya umma. Kuyapa masoko hayo kanuni moja kisha kuyaita sawa ni kumvisha baba na mtoto kanzu ya kipimo kimoja.

Tuangalie Vodacom Tanzania. Sheria ilizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma. Mwaka 2017 hisa hizo zilitengwa kwanza kwa Watanzania peke yao; hazikuisha. Mlango ukafunguliwa kwa wana Afrika Mashariki na wageni wengine, zikaisha, na Agosti kampuni ikaorodheshwa. Watetezi wa uwianishaji hushangilia: mmeona? Tunaona, ndugu, ila tunaona na upande wa pili. Kufunga mlango hakukumpa mkulima wa pamba akiba ya kununulia hisa; kuufungua hakukumpa pia. Makundi yote mawili yalibishana juu ya mlango, mfuko wa mwananchi haukujadiliwa.

Wanaosahau wakumbushwe kwamba Jumuiya ya kwanza haikuvunjika mwaka 1977 kwa kukosa vyombo vya pamoja. Ilikuwa na reli, posta na ndege za pamoja. Miongoni mwa yaliyoivunja ni manung'uniko ya muda mrefu juu ya mgawanyo wa faida.

Kwa hiyo kila rasimu ya sheria ya pamoja iulizwe maswali yasiyopendeza. Waraka wa kuuza hisa utaandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, au kwa Kiingereza cha mawakili? Chama cha akiba na mikopo cha Shinyanga kitaweza kununua kwa niaba ya wanachama wake? Mtaji ukikimbia ghafla, nchi itakayoachwa mikono mitupu itasaidiwa na nani, kwa fungu lipi? Rasimu isiyojibu hilo la mwisho irudishwe kwa waandishi wake.