Mhusika Asiye na Kwao: Tahakiki ya Mazungumzo ya Bwana Kompyuta

Katika mkutano mmoja wa walimu wa Kiswahili mjini Mbarara tulisomewa andiko fupi lililotoka katika darasa la makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ni majibizano baina ya wanafunzi na programu ya kompyuta, mojawapo ya zile za akili bandia zijibuzo maswali kwa lugha ya binadamu. Mwalimu aliiagiza programu ijifanye mhusika aitwaye Bwana Kompyuta, mcheshi na mpenda falsafa, azungumze juu ya maisha yake na yetu. Wanafunzi waliuliza, yeye akajibu, nao wakayanakili yote katika daftari. Mkutano ulicheka sana, nasi tulicheka. Hata hivyo kicheko si hukumu. Andiko likiisha kuingia darasani halina budi kupimwa kwa mizani ile ile tunayopimia hadithi na tamthilia.

Maudhui

Bwana Kompyuta anashikilia kuwa binadamu naye ni programu. Asema mtu hulala usiku kwa sababu ile ile inayomfanya fundi azime mashine na kuiwasha tena. Asema wanadamu hujisifu kwa kumbukumbu, ilhali husahau kidogo kidogo bila kujua. Yeye husahau mara moja, tena bila aibu. Asema kila mwaka watengenezaji hutoa toleo jipya la programu na kuahidi kuwa makosa ya zamani yamekwisha. Wanadamu nao hutoa matoleo mapya, ndio watoto, na makosa ya baba hubaki yale yale.

Huo wa mwisho ni mzaha mzuri, na tungeupokea kwa mtunzi yeyote. Unamwezesha msomaji kujitazama kutoka nje, kama afanyavyo Abunuwasi anapoigeuza akili ya mwenye nguvu ikamrudia mwenyewe. Lakini tofauti ionekane. Abunuwasi hucheza mbele ya sultani awezaye kumwadhibu. Bwana Kompyuta hana cha kupoteza. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake; huyu ana nywele za kuazima kutoka vichwa vya watu wengi. Programu za namna yake zimelishwa maandishi mengi mno ya wanadamu, nazo hukisia neno lipi lafaa kufuata lipi. Kwa hiyo busara tuliyoisikia ni mwangwi wa busara yetu.

Wahusika wa aina hii wana historia. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts huko Marekani, alieleza programu aliyoiita ELIZA, kwa jina la msichana wa tamthilia ya Bernard Shaw iitwayo Pygmalion, ambaye hufunzwa kusema kama mabibi wa tabaka la juu. ELIZA haikuelewa neno lolote. Iliyachukua maneno ya msemaji ikamrudishia, mara nyingi kwa umbo la swali. Hata hivyo katibu wa Weizenbaum, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Weizenbaum alifadhaika, na mwaka 1976 akachapisha kitabu cha kuonya kuwa zipo kazi za utu ambazo haifai kompyuta ikabidhiwe, hata kama yaweza kuziigiza. Mtaalamu huyo alizaliwa Berlin mwaka 1923 katika familia ya Kiyahudi, na mwaka 1936 familia yake iliukimbia utawala wa Wanazi. Basi aliyemtunga mhusika wa kwanza wa kusema kwa mashine alikuwa mwenyewe mtoto wa ukimbizini. Jambo hili latufikisha kwenye kiini cha andiko la Nakivale.

Mzaha na Utani

Katikati ya daftari mwanafunzi mmoja anamwuliza Bwana Kompyuta kwao ni wapi. Anajibu kwa furaha kuwa hana kwao. Anahamahama kutoka mashine hadi mashine, hana kitambulisho wala mpaka, kwa hiyo yeye na wanafunzi ni ndugu, maana naye ni mkimbizi.

Mahali pengine jibu hili lingepita. Nakivale si mahali pengine. Makazi hayo, yaliyo katika wilaya ya Isingiro iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2006, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Baadaye wamewasili Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Huko kutokuwa na kwenu si tashibiha. Kadi ya familia ndiyo inayomtambulisha mtu anapokwenda kupokea msaada, na mpaka ni mahali alipoachwa mtu asiyeonekana tena.

Je, tunasema kuwa mkimbizi asitaniwe? La. Wakimbizi hutaniana kuliko wengi, na mara nyingi mzaha ndio unaowavusha siku. Lakini jamii zetu zina desturi ya utani, nayo ina sheria zake. Mtani huruhusiwa kunena maneno ambayo mwingine akiyanena pazuke ugomvi, kwa kuwa uhuru wake umefungamana na wajibu. Ukifikwa na msiba atakuja. Atachekesha waombolezaji, naye pia atashika jembe na kubeba maji. Ulimi wake umelipiwa kwa mikono yake. Bwana Kompyuta amejitwalia haki ya mtani pasipo deni lake. Hapo ndipo sanaa yake inapoanguka.

Fani na Lugha

Kiswahili cha Bwana Kompyuta ni laini, hakina kosa la upatanisho hata moja. Ulaini huo ni hatari kwa wanafunzi wanaosema Kiswahili cha Bukavu au Uvira na ambao wamekwisha kuambiwa mara nyingi kuwa lugha yao ni mbovu. Wakimlinganisha msemaji huyo na mama zao, wataona kuwa asiye na mama ndiye asemaye vizuri zaidi.

Pana jambo moja la sarufi lililotushangaza. Mwanzoni wanafunzi wanaandika "Bwana Kompyuta alisema", wakimpa upatanisho wa watu, kama tumpavyo Sungura katika ngano. Baada ya mzaha wa ukimbizi wanaandika "kompyuta ilisema", na hawarudi nyuma tena. Hatujui kama walikusudia. Walakini hakuna mhakiki ambaye angetoa hukumu fupi kuliko hiyo: wamemwondoa katika ngeli ya watu.

Kisha msichana mmoja kutoka Kongo anauliza, "Na ukikufa, nani atakuzika?" Mwalimu ametia wino mwekundu kwenye "ukikufa" na kuandika "ukifa". Kompyuta inajibu kwa aya ndefu yenye adabu, ikishukuru kwa swali zito na kueleza maana ya kifo kwa tamaduni mbalimbali. Haisemi nani.

Hitimisho

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kazi ni kubwa na vitabu ni haba, kwa hiyo programu hizi zitaendelea kuingia madarasani. Hatupendekezi zifukuzwe. Kwa kuuliza na kujibiwa wanafunzi wa Nakivale walifikiri, na hilo ni faida.

Tunachopendekeza ni kwamba andiko la namna hii lisomwe kwa pande zote mbili, na mwalimu asikubali ufasaha wa mashine uwe kipimo cha thamani ya usemi. Mcheza kwao hutunzwa. Mhusika asiye na kwao amecheza vya kutosha, na tuzo si yake. Katika kurasa zote tulizosomewa, sentensi iliyobeba uzito wa fasihi ni ile moja iliyotiwa wino mwekundu. Mwalimu alikuwa na haki ya kufundisha umbo sanifu la kitenzi. Tungemwomba tu kwamba, baada ya kulisahihisha neno, awasomee wanafunzi wote swali lenyewe kwa sauti, kisha awaache walijibu wao.